Sura ya Tano: Nani Kashika Kamera?

Wape watoto wa darasa la tano simu yenye kamera, waambie watengeneze filamu, kisha waache peke yao nusu saa. Ukirudi utakuta mtu ameshauawa. Kutakuwa na stelingi na kutakuwa na adui, mti wa fagio utakuwa umegeuka bunduki, na yupo atakayekuwa ameruka kutoka kwenye ngazi za darasa na kutua kwa goti moja kama alivyoona kwenye picha. Ubishi wa nani awe stelingi utakuwa umekula muda mwingi kuliko kurekodi kwenyewe.

Kule Wazo, Dar es Salaam, ni hivyo, Mbagala ni hivyo, na hata Ikorodu, kule pembezoni mwa jiji la Lagos, ni hivyo hivyo. Mwaka 2020 kikundi cha watoto wa Ikorodu, ndugu watatu na binamu yao, waliitengeneza upya trela ya filamu ya Extraction ya Netflix kwa vitu vya nyumbani. Gari likawa toroli. Kila tukio waliliiga kama lilivyo, kamera ikikaa palepale ilipokaa kamera ya wenye mamilioni ya dola. Video ilisambaa dunia nzima, na watengenezaji wa filamu yenyewe wakajitokeza kuwapongeza. Ikorodu Bois, ndivyo wanavyojiita, walikuwa wamejifunza kwa njia moja tu: kutazama.

Watoto wa Dar es Salaam nao wametazama sana. Kabla ya simu kulikuwa na kibanda umiza, chumba cha mabati chenye mabenchi na televisheni moja, ambamo filamu za Hong Kong, India na Marekani zilikuja na sauti ya Kiswahili juu yake. Mtafsiri maarufu kuliko wote alikuwa Derek Mukandala, Lufufu kwa mashabiki wake, aliyesimulia filamu nzima peke yake, akawapa wahusika majina, akaongeza vituko na maonyo ya kwake. Baadaye ikaja Bongo Movie, na Steven Kanumba akawa jina la kila nyumba mpaka alipofariki Aprili 2012. Mtoto aliyekulia katika mazingira hayo anajua mambo ambayo hakufundishwa darasani. Anajua kwamba muziki ukibadilika kuna mtu nyuma ya mlango. Anajua kwamba kamera ikimsogelea mtu usoni, mtu huyo ana siri. Hiyo ni sarufi, na mtoto anaingia nayo shuleni ikiwa kichwani tayari.

Tatizo huanza mtu mzima anaporudi baada ya ile nusu saa. Anatazama mapigano, anatikisa kichwa, anasema: "Hii haina ujumbe." Kisha anaketi na kalamu. Ndani ya siku mbili panakuwa na hadithi ya wanafunzi wawili, mmoja mtiifu na mwingine mtoro. Mtiifu anafaulu. Mtoro anaishia vijiweni. Mwishoni mwalimu, au mgeni kutoka shirika fulani, anatokea mbele ya kamera na kueleza tulichojifunza. Watoto wanakariri maneno, wanayatoa kwa sauti ya gwaride, na filamu inaonyeshwa siku ya mahafali. Wazazi wanapiga makofi. Watoto wenyewe hawaombi kuitazama tena.

Aina hii ya filamu ni ya zamani kuliko wanavyodhani wanaoitengeneza. Chimbuko lake hapa nchini linajulikana mpaka jina la kijiji.

Mwaka 1935, juu ya Korogwe katika milima ya Usambara, mahali paitwapo Vugiri, Waingereza walifungua kituo cha kutengeneza filamu. Mradi uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Fedha nyingi zilitoka shirika la Carnegie la Marekani, upigaji picha ukasimamiwa na Meja L. A. Notcutt, na upande wa elimu ukashikwa na G. C. Latham. Mpaka unafungwa mwaka 1937 mradi ulikuwa umetoa filamu 35, zenye mada kama safura, kodi, kilimo cha chai, uuzaji wa kahawa na malaria kwa watoto wachanga. Sauti haikuwa kwenye filamu yenyewe. Ilirekodiwa kwenye sahani za santuri, kwa Kiswahili na lugha nyingine, ili mkanda uleule uzunguke kutoka Tanganyika hadi Kenya, Uganda na makoloni ya kusini.

Moja ya filamu zao za mwanzo ilihusu benki ya akiba ya posta. Ndani yake wamo watu wawili. Mmoja anapeleka pesa zake posta. Mwingine anazifukia ardhini ndani ya nyumba yake, na mwizi anazichukua. Mwerevu na mjinga, basi, kisa kimekwisha. Waliobuni filamu hizo waliamini kwamba mtazamaji Mwafrika hawezi kufuata picha inayokwenda haraka, kwamba anahitaji jambo moja kwa wakati mmoja na fundisho lililo wazi mwishoni. Walimchukulia mtu mzima wa Usambara kama mtoto mdogo. Miaka tisini imepita, na mwanafunzi mtiifu na mwanafunzi mtoro bado wanatembea katika nyayo za wale wawili wa posta. Tofauti ni kwamba sasa anayehubiriwa ni mtoto kweli, na anayeandika mahubiri ni sisi.

Wenyeji walikuwamo katika filamu hizo tangu mwanzo, lakini zaidi mbele ya kamera. Mwaka 1952 Tanganyika ilipopata filamu ya Muhogo Mchungu, mwigizaji mkuu alikuwa Rashidi Kawawa, kijana wa Idara ya Ustawi wa Jamii ambaye miaka kumi baadaye alikuwa Waziri Mkuu. Uso ulikuwa wetu. Kampuni iliyoitengeneza ilitoka Afrika Kusini.

Yapo mapito mengine, nayo pia ni ya hapa nyumbani. Katika miaka ya 1990 mpango wa maendeleo vijijini wa RIPS, uliofadhiliwa na Finland katika mikoa ya Mtwara na Lindi, ulianza kutumia video pamoja na wanavijiji wenyewe. Pwani ya kusini ilikuwa ikilipuliwa. Uvuvi wa baruti ulikuwa ukivunja matumbawe na kuua samaki wachanga, na wavuvi wa nyavu na madema walikuwa wakirudi mikono mitupu. Walishalalamika kwenye mikutano mara nyingi, na malalamiko yakaishia kwenye kumbukumbu za mikutano. Kamera ilipokuja, walizungumza kwa sura na sauti zao: baruti inatoka wapi, nani anainunua, nani anapewa taarifa na hafanyi kitu. Mikanda ikapelekwa vijiji vya jirani, na wa kule wakaongeza ya kwao. Ikapelekwa kwa viongozi. Wavuvi wakaunda shirikisho lao, na mwishoni mwa muongo ule serikali iliingiza jeshi la majini katika operesheni iliyopunguza sana milipuko baharini, ingawa baadaye milipuko ilirudi.

Tuangalie vizuri kilichotokea Mtwara. Hakuna aliyewaambia wavuvi kwamba baruti ni mbaya. Walijua kuliko mtu yeyote. Video haikuwafundisha. Iliwabeba mpaka mahali ambapo wao wenyewe wasingefika.

Mwanafunzi wa shule ya msingi ana mambo ya namna hiyo, anayoyajua yeye kuliko mwalimu, kuliko mzazi, kuliko diwani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kililiona hilo mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Idara ya Sanaa za Maonyesho, wakiwamo Amandina Lihamba na Penina Mlama, ilianzisha mradi wa sanaa za maonyesho kwa watoto wa shule za msingi, wenye ngoma, hadithi na maigizo yaliyotokana na mazungumzo na watoto. Mwaka 1996 wasomi hao wawili wakaanzisha Tuseme kwa wasichana wa sekondari. Wasichana walianza kwa kutaja yanayowasumbua shuleni, wakayachambua, wakayageuza maigizo, wakaonyesha mbele ya walimu na wenzao, kisha mjadala ukafunguliwa papo hapo. Yalitoka mambo mazito, ya usumbufu wa kingono na adhabu za kuonea, ambayo hakuna mtu mzima angethubutu kuyaandika kwenye skripti ya mahafali. Shirika la wanawake waelimishaji wa Afrika, FAWE, lilibeba mbinu hiyo na kuipeleka nchi nyingine za Afrika.

Tuseme ilikuwa jukwaa, haikuwa filamu. Lakini swali lake la kwanza, "nini kinakusumbua?", ndilo linalokosekana katika filamu nyingi za shule.

Wakenya wametangulia katika kuipa filamu ya shule nafasi rasmi. Tamasha lao la maigizo ya shule na vyuo, lililoanza mwaka 1959, liliongeza filamu katika muongo wa 2010 na sasa linaitwa Tamasha la Kitaifa la Drama na Filamu. Shule za msingi hushindana kuanzia ngazi za chini hadi taifa. Ni jambo kubwa, na Tanzania haina kinacholingana nalo. Hata hivyo ushindani una gharama yake, kwa sababu shule inayotaka kombe hutafuta mwandishi mkubwa. Mwaka 2025 mchezo wa Echoes of War wa Shule ya Wasichana ya Butere, ulioandikwa na aliyekuwa seneta wa Kakamega, Cleophas Malala, ulifika mahakamani baada ya kuzuiwa. Mahakama iliruhusu uonyeshwe. Tarehe 10 Aprili, huko Nakuru, katikati ya mabomu ya machozi, wasichana waliingia ukumbini, wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka. Maneno ya mchezo yalikuwa ya seneta. Wimbo ule waliouimba na kuondoka ndio watu wanaoukumbuka.

Basi turudi Wazo.

Wazo ni kata ya Manispaa ya Kinondoni, kilomita 25 hivi kaskazini mwa Posta, katikati ya jiji, kwenye kilima cha mawe ya chokaa ambacho kiwanda cha saruji cha Twiga kimekuwa kikikichimba tangu mwaka 1966. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam mpya imejengwa kwa kilima hicho. Malori yanashuka na saruji kuelekea Tegeta, na watu wanapanda kuelekea Salasala, Mivumoni na Madale kutafuta viwanja. Palipokuwa mashamba na mapori sasa pana nyumba, na penye nyumba pana watoto. Ada ya shule za msingi za serikali ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, elimu bila malipo ikaja Januari 2016, na sensa ya 2022 ikakuta mkoa wa Dar es Salaam una watu 5,383,728. Shule za pembezoni zimebeba uzito wa namba hiyo kwa madarasa yaliyojaa na zamu za asubuhi na mchana.

Mwalimu mwenye watoto wengi namna hiyo na simu moja anaweza kufanya nini? Jibu zuri limetoka mbali kidogo. Mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka mia moja, hifadhi ya filamu ya Cinémathèque française mjini Paris ilianzisha mpango wa filamu mashuleni ambao unaendelea hadi leo na umevuka mipaka ya Ufaransa. Moja ya mazoezi yake linafuata masharti ya ndugu Lumière, walioonyesha filamu zao kwa umma Desemba 1895. Kamera yao ilibeba mkanda wa sekunde 50 hivi. Haikusogezwa, haikuvuta picha karibu, na hakukuwa na kukatakata. Mwanafunzi anapewa masharti hayohayo: weka kamera mahali, rekodi chini ya dakika moja, usiiguse. Atachagua mambo mawili tu, aiweke wapi na aanze lini.

Yanasikika kama masharti ya kuwabana watoto. Kwa kweli yanawafungua. Stelingi hawezi kuruka mara tano katika sekunde 50 bila kukata. Mtoto analazimika kutazama kilichopo mbele yake na kusubiri kitokee.

Tuchukue mtoto wa darasa la sita anayekaa Madale na kusoma karibu na Tegeta. Anaombwa achague mahali pamoja anapopajua vizuri. Karibu kila mtoto wa umri wake jijini ataelekea kituo cha daladala, na sababu inajulikana. Viwango vilivyotangazwa mwaka 2023 viliweka nauli ya mwanafunzi shilingi 200 na ya mtu mzima mara tatu au zaidi, kwa hiyo kila mwanafunzi anayepanda ni hasara machoni pa konda. Mtoto anaiegesha simu juu ya begi, ng'ambo ya barabara, usawa wa kiuno chake. Anabonyeza. Daladala inaingia, konda anashuka, anaunyoosha mkono mlangoni kama kizuizi. Watu wazima wanapita chini ya mkono. Sare nyeupe na bluu zinasogea, zinarudi nyuma. "Denti wawili tu!" Wawili wanaingia, gari linaondoka, vumbi linapanda, na wale waliobaki wanasimama palepale walipokuwa. Sekunde 50 zimekwisha.

Hakuna mwigizaji, hakuna ujumbe uliotamkwa. Lakini kimo cha kamera kinasema jambo. Mtu mzima angeirekodi kwa usawa wa macho yake na kuonyesha msongamano. Mtoto ameiweka chini, na kwa hiyo tunauona mkono wa konda kama anavyouona yeye, juu ya kichwa. Afisa wa usafirishaji anaweza kusoma taarifa nyingi kuhusu kero ya usafiri wa wanafunzi asiuone mkono ule hata mara moja.

Somo la kwanza lilikuwa kutazama. La pili ni sauti, na hapa ndipo filamu nyingi za shule hufia. Simu husikia kila kitu kwa usawa: upepo, lori linaloshuka kutoka kilimani, darasa la pili linaloimba jedwali la kuzidisha. Watoto wanapoisikiliza rekodi yao ya kwanza hushangaa, maana walipokuwa pale hawakuusikia upepo. Dawa yake ni ya bei rahisi. Simu ya pili ikipatikana, inawekwa mfukoni mwa anayezungumza ili irekodi sauti peke yake. Mtu anapiga kofi moja kubwa mbele ya kamera mwanzoni, na baadaye kofi la kwenye picha linalinganishwa na kofi la kwenye sauti. Mtoto mmoja apewe kazi ya kusikiliza tu. Kwa kawaida ataibuka kuwa mkali kuliko wote, na wenzake watamtii akisema "Kata!" kwa sababu ya pikipiki ambayo hakuna mwingine aliyeisikia.

Somo la tatu ni mwanga. Saa sita mchana jua la utosi huchora kivuli kwenye macho, na shati jeupe la shule huidanganya kamera. Simu huona weupe mwingi, hupunguza mwanga, na uso mweusi wa mtoto hubaki giza lisilo na pua wala mdomo. Kosa hili lina ukoo. Kwa miongo mingi Kodak ilipima rangi za filamu zake kwa picha za wanawake weupe, na ngozi nyeusi ikatoka vibaya duniani kote. Kwenye simu, mtoto aguse uso wa mwenzake kwenye kioo mpaka mwanga ubadilike, na wote wahamie chini ya mwembe. Dakika tano za zoezi hilo zinatosha, na zinampa mtoto kitu kikubwa: anajua kwamba picha mbaya ilitokana na mashine kupimwa kwa mtu mwingine, na kwamba anaweza kuirekebisha kwa kidole.

Kuediti kusiharakishwe. Programu za bure za simu kama CapCut watoto wengi wanazijua kuliko walimu wao, na hatari ni kwamba kila kipande kitapakwa muziki na nyota zinazometameta. Ni heri wiki za mwanzo ziwe za vipande visivyokatwa, kisha viwili viunganishwe, na darasa lijadili kilichobadilika. Kwenye kipande cha kwanza mtoto anatazama. Kipande kinachofuata kinaonyesha mlango uliofungwa. Anatazama nini? Badilisha kipande cha pili kiwe sahani ya ubwabwa, na uso uleule sasa una njaa. Darasa litabishana vikali juu ya jambo hili, na ubishi huo ndio somo.

Na filamu ionyeshwe mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1970, katika Msumbiji iliyokuwa imetoka kupata uhuru, Mfaransa Jean Rouch alifundisha vijana kupiga filamu kwa kamera ndogo za Super 8: asubuhi wanarekodi, mchana wanasafisha mkanda na kuunganisha, jioni waliorekodiwa wanajiona ukutani. Leo hakuna mkanda wa kusafisha. Shuka jeupe, projekta ya kuazima kutoka kanisani au msikitini, darasa lililofungwa madirisha, yanatosha. Watoto wakisikia wenzao wa darasa la nne wakiguna mahali ambapo wao walidhani watacheka, wamepata mafunzo ambayo mwalimu hawezi kuyatoa.

Walimu wakuu wana hofu, na hofu yao ina historia. Mwaka 2005 serikali ililizuia shirika la HakiElimu kuchapisha kuhusu shule, baada ya matangazo yake ya redio na televisheni kuonyesha hali ya madarasa. Zuio liliondolewa mwaka 2007, lakini kumbukumbu ilibaki kwamba picha ya darasa lisilo na madawati ni jambo la kisiasa. Kuna pia Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, inayotaka kibali cha kupiga filamu. Shule inayofanya zoezi la darasani na shule inayotaka kuonyesha kwa umma haziko katika hali moja, na mwalimu mwenye busara atamwandikia afisa utamaduni wa manispaa mapema, akieleza kinachofanyika.

Upande wa pili wa sheria uko pamoja na watoto. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na mkataba huo unampa mtoto uhuru wa kujieleza kwa njia anayoichagua mwenyewe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatamka kwamba mtoto mwenye uwezo wa kuunda maoni ana haki ya kuyatoa, kusikilizwa na kushiriki katika uamuzi unaohusu ustawi wake. Na tangu Januari 2024 mtaala mpya wa elimu ya msingi, ulioanza na darasa la kwanza na la tatu, una somo la Sanaa na Michezo. Kipindi kipo kwenye ratiba. Shule nyingi zinakitumia kwa mpira na nyimbo, na hilo si baya, ila ndicho kipindi ambacho filamu inaweza kuingia bila kuomba nafasi ya somo lingine.

Ulinzi hauna mjadala. Mzazi aandike idhini kabla ya sura ya mtoto wake kurekodiwa. Simu iwe ya shule au ya mwalimu, isiwe ya mtoto, kwa sababu shule haziruhusu watoto kuja na simu na hakuna sababu ya kulivunja hilo. Kinachorekodiwa kibaki shuleni; kisipandishwe TikTok hata kama kimependeza, na hasa kama kimependeza. Mtoto akirekodi jambo la kuumiza, la kipigo au la nyumbani kwake, mwalimu asilifanye kuwa filamu. Alipeleke kwa afisa ustawi wa jamii, na mtoto aambiwe kwa nini.

Ndani ya mipaka hiyo, mtu mzima ana kazi moja ngumu: kukaa kimya. Atafundisha kofi la sauti na mwanga wa uso. Atahakikisha wasichana wanashika kamera na si kuigiza mama jikoni pekee. Atauliza maswali. Lakini hataandika skripti, hatachagua mahali, na hatatokea mwishoni kueleza tulichojifunza. Watoto wakitaka filamu ya kupigana, wapigane. Baada ya tatu au nne za namna hiyo mmoja wao atauliza kwa nini stelingi wao anaongea kama Mmarekani wakati anakaa Salasala, na hapo kazi itaanza kuwa yao.

Kamati za shule za Wazo, Tegeta na Bunju zinaweza kuanza muhula ujao bila kusubiri mfadhili. Simu moja yenye kamera nzuri inunuliwe kwa jina la shule na ifungiwe ofisini. Wachaguliwe watoto ishirini wa darasa la tano na la sita, nusu wavulana na nusu wasichana, na kila mmoja apewe sekunde 50 zake. Na siku ya mkutano wa wazazi, filamu hizo zionyeshwe kwanza, kabla ya ajenda ya michango, huku viongozi wa serikali ya mtaa na wa kituo cha daladala wakiwa wamealikwa kwa barua.